Mwamuzi na Mashine: Habari za Kuhamishwa kwa Michezo ya Uhusika Kutoka Mezani

Mchezo wa uhusika ni mchezo wa maneno. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni mwamuzi, na wengine kila mmoja amejitwalia mhusika wake, huyu askari, huyu mchawi, yule mwizi. Mwamuzi hueleza mahali walipofika: mbele yenu pana mlango wa mti mgumu, umefungwa, na nyuma yake yasikika sauti ya maji. Kisha huuliza, “Mwafanya nini?” Hapo mchezaji aweza kujibu lo lote. Aweza kusema kwamba auvunja mlango kwa shoka, au azitia mafuta bawaba zake zisilie, au apiga hodi kwa adabu na kungoja. Jambo likiwa halina hakika, dadu hutupwa, na hesabu ikaamua kama limefaulu au limeshindikana. Katika karatasi ya kila mchezaji zimeandikwa nguvu za mhusika wake, na akili yake, na wepesi wake, na kiasi cha uhai uliomsalia. Lakini hodi haikuandikwa po pote. Kuijibu hodi ni kazi ya mwamuzi.

Habari za kuhamishwa kwa michezo hii kutoka mezani hadi katika kompyuta aghalabu husimuliwa kama habari za mashine: jinsi kumbukumbu yake ilivyopanuka, jinsi picha zilivyozidi uzuri, jinsi sauti na muziki vilivyoongezwa. Masimulizi hayo si ya uongo, walakini hayagusi kiini. Mashine ilizipokea dadu na majedwali tangu siku ya kwanza, na kwa hesabu ilimshinda mtu ye yote. Ambacho haikuweza kukipokea ni yule mtu aliyeketi kichwani mwa meza, awezaye kuisikia sentensi ambayo haijapata kusemwa na kuijibu papo hapo. Kazi ya mafundi wengi kwa muda wa miaka 50 hivi yaweza kusomwa kama juhudi ya kumtafutia mtu huyo badali.

Shauri lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Katika mwaka wa 1824 ofisa kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaletea wakuu wake mchezo wa vita uitwao Kriegsspiel. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo juu ya ramani, mapigano yaliamuliwa kwa dadu na majedwali, na katikati ya pande mbili aliketi mwamuzi, aliyempa kila kamanda habari zile tu ambazo wapelelezi wake wangeweza kuzipata. Mchezo ulikuwa wa haki lakini wa taabu, kwani kila risasi ilidai jedwali lake. Basi mwaka wa 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, alishauri kwamba majedwali na dadu vyaweza kuwekwa kando, na uamuzi uachiwe mtu aliyeijua vita kwa kuiona. Tangu hapo pakawa na madhehebu mawili: waliotegemea kanuni iliyoandikwa, na waliotegemea busara ya mwamuzi. Atakayelikumbuka jambo hilo ataona kwamba kompyuta, ilipokuja, ilizaliwa katika dhehebu la kwanza bila kuulizwa.

Dhehebu la pili lilivuka bahari. Charles Totten, ofisa wa jeshi la Marekani, alitoa mwaka wa 1880 kitabu kiitwacho Strategos, ambacho ndani yake mwamuzi ana mamlaka makubwa na mchezaji aweza kujaribu jambo lo lote. Kitabu hicho kilisahauliwa rafuni hadi David Wesely, kijana wa Minnesota mwenye mapenzi ya michezo ya vita, alipokisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wesely aliandaa mchezo juu ya mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Braunstein, akawapa wachezaji si vikosi tu bali nafsi za watu wa mji, kila mmoja na haja yake. Kumbe kabla ya vita kuanza wachezaji waliondoka mezani wawili wawili, wakaenda kunong’onezana pembeni, wakapatana na kusalitiana. Wesely alidhani mchezo umemharibikia. Wenziwe wakamwomba auandae tena.

Mmoja wa wachezaji hao alikuwa Dave Arneson, ambaye mwaka wa 1971 aliuchukua mtindo ule akaupeleka katika nchi ya kubuni ya Blackmoor, yenye ngome, mapango na mazimwi. Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, alikuwa tayari na kanuni za vita vya zama za kati, Chainmail, alizozitunga pamoja na Jeff Perren mwaka huo huo. Kazi za Arneson na Gygax zilipounganishwa, kikatokea mwezi wa Januari 1974 kisanduku chenye vijitabu vitatu, Dungeons & Dragons, nakala 1,000 kwa bei ya dola 10. Vijitabu vile vilikuwa na mapengo mengi, na mgeni aliyevisoma peke yake hakuelewa aanzie wapi. Mapengo hayo hayakuuzuia mchezo kuenea. Kila meza iliyaziba kwa akili yake, na kuyaziba kukawa nusu ya furaha yenyewe.

Mashine haiwezi kupewa pengo. Hilo lilidhihirika upesi, maana mwaka mmoja tu ulipita kabla ya mchezo huo kuingia katika kompyuta. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mtambo wa kufundishia uitwao PLATO, ambao kutoka kompyuta moja kubwa uliwahudumia wanafunzi wengi walioketi mbele ya skrini zenye mwanga wa rangi ya machungwa. Mtambo uliwekwa kwa ajili ya masomo, si kwa michezo. Mwaka wa 1975 Rusty Rutherford aliandika humo mchezo wa mahandaki, mazimwi na hazina, akaupa jina la pedit5, jina kavu la faili iliyotengewa kazi nyingine, ili usitambulikane. Wasimamizi walipoutambua waliufuta. Katika mwaka uo huo Gary Whisenhunt na Ray Wood wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois walitunga mwingine uitwao dnd, ambao mwisho wake ulilindwa na joka.

Katika michezo hiyo ya kwanza yaonekana wazi ni kipi kilichovuka na kipi kilichobaki ng’ambo. Zilivuka dadu, ambazo sasa zilikuwa hesabu za siri ndani ya mashine. Zikavuka nguvu na akili na wepesi, na alama za uhai, na ramani ya mahandaki. Mchezaji akikutana na zimwi aliweza kupigana, kutumia uchawi au kukimbia. Kumsalimu zimwi hakukuwamo, wala kumdanganya, wala kumuuliza habari za kwao. Si kwamba Rutherford alikuwa mvivu. Alikuwa na nafasi ndogo, tena nafasi ya kuiba. Lakini uteuzi wake ulikuwa kama ule ambao wengi waliomfuata wangeufanya hata walipokuwa na nafasi tele: kilichoweza kuhesabiwa kilichukuliwa kwanza. Michezo iliyofuata katika PLATO, kama vile Oubliette wa mwaka 1977, iliwaruhusu watu kadhaa kuingia mahandakini pamoja, na kwa njia hiyo maneno yalirudi. Yalirudi baina ya mtu na mtu, ilhali mashine yenyewe ilibaki bubu.

Mmoja wa waliojaribu mapema kuifanya mashine ijibu maneno alikuwa Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa Massachusetts aliyeshiriki katika ujenzi wa mtandao wa ARPANET. Crowther alikuwa mpenzi wa mapango; yeye na mkewe Patricia walishiriki kupima na kuchora ramani za Mammoth Cave, pango kubwa mno la Kentucky. Alikuwa pia mchezaji wa Dungeons & Dragons. Ndoa yao ilipovunjika, alitunga katika miaka ya 1975 na 1976 programu ya kuwafurahisha binti zake, na ndani yake aliliweka pango alilolijua kwa miguu yake. Don Woods wa Stanford aliipanua mwaka 1977, nayo ikaenea chuo hadi chuo kwa jina la Adventure. Humo mashine yasema kama mwamuzi: yamweleza mchezaji mahali aliposimama na njia zinazotoka hapo, kisha yangoja neno lake. Mchezaji naye huandika maneno mawili, kitendo na kitu: chukua taa, fungua mlango.

Maneno mawili! Na hata hayo hayakusomwa yote, kwani programu ilitazama herufi tano za mwanzo za kila neno na kuziacha nyingine. Kwa Kiingereza hila hiyo yafaa, maana mzizi wa neno aghalabu hukaa mbele. Msomaji na ajaribu kuitumia kwa Kiswahili, lugha ambayo kitenzi chake hutanguliwa na nafsi, na wakati, na mtendwa, kabla ya mzizi kuonekana. “Nitaufungua” na “nitaufunga” zina herufi tano za mwanzo zile zile, na mashine isingejua kama mlango watakiwa kuwa wazi au kufungwa. Fundi wa Kiswahili angelazimika kuanzia katikati ya neno, au kuwakataza wachezaji wasiseme ila kwa amri, kama bwana kwa mtumwa. Hila ya Crowther ilikuwa ya werevu, lakini ilikuwa werevu wa lugha moja.

Kompyuta ndogo za nyumbani zilipoanza kuuzwa, kazi iliingia mikononi mwa vijana. Richard Garriott wa Texas alikuwa bado mwanafunzi wa shule alipoandika msururu wa michezo aliyoipa namba tu, kila mmoja ukianza na herufi za mchezo wa mezani, hadi akafikia Akalabeth na, mwaka 1981, Ultima. Mwaka huo huo Andrew Greenberg na Robert Woodhead, waliojuana Chuo Kikuu cha Cornell, walitoa Wizardry. Wote hawakuwa na idhini ya TSR, kampuni ya Gygax. Walichukua umbo la mchezo wakaacha jina. Kutoka michezo hiyo miwili Yuji Horii wa Japani alijifunza namna aliyoitumia katika Dragon Quest, 1986, na habari za Japani toka hapo zina njia yake zenyewe.

Katika Wizardry mchezaji aliongoza kundi la watu sita. Hilo lilionekana ni utajiri, na kwa hakika ni ufukara. Mezani, watu sita ni vinywa sita, na aghalabu nusu ya saa hupita katika ubishi wa nani atangulie. Sasa mtu mmoja aliketi usiku peke yake, akiwaongoza askari, kasisi na mwizi ambao hawakubishana, kwa kuwa wote walikuwa yeye. Wengi walipendezwa mno nao. Meza ilikuwa imebaki na kiti kimoja.

Idhini rasmi ilikuja baadaye. TSR ilipatana mwaka 1987 na kampuni ya SSI ya California, na mwaka uliofuata ukatoka Pool of Radiance, mchezo uliofuata kanuni za meza kwa uaminifu ambao haujapata kuonekana kabla. Ulitolewa kwanza kwa Commodore 64, mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, na diski zake hazikutosha kubeba maelezo yote. Basi maelezo yalichapwa katika kijitabu, kila kipande kwa namba yake. Mchezaji akifika mahali fulani, skrini ilimwambia asome namba hiyo kijitabuni. Humo mlikuwa na barua, matangazo ya baraza la mji, na habari za vilabuni, nyingine za kweli na nyingine za uzushi, ili asomaye mbele kwa tamaa apotee. Hila hiyo ilizaliwa na umaskini wa mashine, lakini ilifanya jambo jema ambalo michezo yenye picha za fahari iliyofuata haikulifanya: ilimrudishia mchezaji karatasi mkononi na sauti ya msimulizi kichwani. Waliocheza wawili wawili, mmoja alisoma kwa sauti na mwenziwe akasikiliza.

Miaka mitatu ya mwisho ya karne iliyopita ilileta njia nyingine, nayo ndiyo iliyodumu. Tim Cain na wenzake wa kampuni ya Interplay walikuwa wakitengeneza mchezo kwa kanuni za GURPS, mchezo wa mezani alioutoa Steve Jackson mwaka 1986. Mapatano yakavunjika mapema mwaka 1997, kazi ikiwa imekwenda mbali. Kwa haraka walitunga kanuni zao zenye sifa saba, wakaziingiza mahali pa zile za kwanza, na mwezi wa Oktoba Fallout ukatoka. Jambo hilo lafundisha kitu: kanuni zote za mchezo ziling’olewa na nyingine zikapandwa, na mchezo haukufa. Uhai wake ulikuwa mahali pengine, katika mazungumzo. Mchezaji alipokutana na mtu, skrini ilimpa orodha ya majibu, naye akachagua moja; na orodha ilibadilika kulingana na sifa za mhusika. Aliyempa mhusika wake akili ndogo ili amwongezee nguvu alishangaa kuona orodha yake ina miguno tu, na watu wakimhurumia au kumfukuza. Hapo namba iliyoandikwa katika karatasi ilikuwa imegeuka kuwa lahaja.

Baldur’s Gate, uliotolewa Desemba 1998 na BioWare, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa na matabibu, uliondoa zamu za mezani na kuufanya wakati utiririke, ila mchezaji aweza kuusimamisha kwa kubonyeza kitufe kimoja, atoe amri, kisha auachilie. James Ohlen, mkuu wa usanifu wake, alikuwa mwamuzi wa meza kwa miaka mingi, na baadhi ya wahusika walitoka mezani pake. Shujaa Minsc, mwenye kipanya chake kidogo akitumainicho kwa ushauri, alizaliwa hivyo, kwa mzaha wa rafiki. Mwaka uliofuata Chris Avellone na wenzake walitoa Planescape: Torment, mchezo wenye maneno yapatayo 800,000. Mhusika wake hafi, na amelisahau jina lake. Mahali fulani mchezaji huweza kujitaja kwa jina la uongo, Adahn, na akilirudia kwa watu wengi, mwishowe hukutana na mtu aitwaye Adahn, aliyeumbwa na uongo ule. Ni vigumu kupata mfano bora wa nguvu ya neno katika michezo hii yote. Hata hivyo jina lile la uongo halikutungwa na mchezaji. Liliwekwa katika orodha na mwandishi, aliyejua tangu mwanzo kwamba litachaguliwa.

Hapo ndipo mpaka wa orodha unapoonekana. Orodha ikiwa na majibu matatu au kumi na matatu, ni majibu ya mwandishi. Mwamuzi wa mezani hangoji jibu alilolitayarisha. Aweza kupigwa na butwaa, na butwaa lake ni sehemu ya mchezo.

BioWare yenyewe yaonekana ililiona hilo, kwani mwaka 2002 ilitoa Neverwinter Nights, ambamo badali ya mwamuzi ilikuwa mwamuzi. Pamoja na hadithi yake, mchezo uliuzwa na zana za kujengea nchi mpya, na nafasi ya mtu mmoja kuingia asionekane huku wenziwe wakicheza. Mtu huyo aliweza kuleta mazimwi, kubadili hali ya mambo, tena kuingia katika mwili wa mlinzi wa lango na kusema kwa kinywa chake. Mchezaji aliyeandika “hodi” kwa kibodi alijibiwa. Jumuiya zilizojengwa hivyo ziliishi miaka mingi, bila kelele. Lakini njia hiyo yadai mtu mwenye wakati na subira kila usiku, na kitu kidaicho mtu hakiuziki kwa mamilioni. Mwaka 2003 kampuni ya Troika ilikwenda upande wa pili kabisa kwa The Temple of Elemental Evil, uliotokana na kisa cha mezani cha Gygax. Kanuni zilifuatwa humo kwa uangalifu wa mwandishi anayenakili msahafu, na mapigano yake husifiwa hata leo. Ila wanakijiji wake hawana la kusema lenye uzito, na mchezaji hutembea nyumba hadi nyumba kama mkusanya kodi.

Katika mwaka wa 2019 shauri hili la kale lilipata majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza lilitoka kwa Waestonia. Robert Kurvitz na rafiki zake wa Tallinn walikuwa wamecheza kwa miaka mingi mchezo wa mezani katika ulimwengu walioubuni wenyewe. Kurvitz aliutungia riwaya mwaka 2013, haikununuliwa sana. Kisha ukawa Disco Elysium. Humo hamna kanuni za mapigano kabisa. Sifa 24 za mhusika, mpelelezi mlevi aliyejisahau, zina sauti zao wenyewe: mantiki yake humwambia hili, woga wake humwambia lile, na kiburi chake humdanganya. Dadu mbili hutupwa mbele ya macho ya mchezaji. Kwa hila hiyo ile meza yenye vinywa vingi, iliyoachwa ukiwa tangu Wizardry, ilijengwa upya ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Uzuri wake ulinunuliwa kwa maneno zaidi ya milioni moja, yote yameandikwa kabla.

Jibu la pili halikuandikwa kabla hata kidogo. Nick Walton, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, alitoa AI Dungeon, programu iliyotumia modeli ya lugha ya GPT-2. Mchezaji huandika sentensi yo yote, na programu hujibu. Apigaye hodi hufunguliwa. Abadiliye nia akaugeuza mlango kuwa wimbo, hujibiwa pia. Uhuru ule ulioshindikana tangu 1975 ulipatikana kwa ghafula, na mara ukaonyesha kasoro yake. Mwamuzi huyu mpya alisahau. Aliyeuawa aliweza kurudi akizungumza, upanga uliopotea ulikuwa tena kiunoni, na mfalme akabadilika jina katikati ya hotuba yake. Mashine za kwanza zilikuwa na kanuni bila usemi. Hii ilikuwa na usemi bila kanuni. Verdy du Vernois alipoyaacha majedwali, aliyaacha mikononi mwa mtu aliyekumbuka.

Kisha, Agosti 2023, studio ya Larian ya mji wa Ghent, Ubelgiji, ikatoa Baldur’s Gate 3, kwa kufuata toleo la tano la kanuni za mezani, la mwaka 2014. Ulikuwa umekwisha kuuzwa nusu-kazi tangu Oktoba 2020, wachezaji wakiucheza na kuukosoa huku ukitengenezwa. Dadu yenye pande 20 huviringika katikati ya skrini, na sauti ya msimulizi wa kike humsemesha mchezaji kama mwamuzi. Mtu muhimu akiuawa, hadithi haisimami, bali hutafuta njia nyingine. Hata maiti yake yaweza kuhojiwa kwa uchawi. Studio ilitangaza kwamba mwisho wa hadithi waweza kutofautiana kwa namna 17,000. Ni kazi kubwa, na tuzo ilizopata mwaka huo ni haki yake. Lakini namba hiyo yenyewe yaeleza njia iliyochukuliwa: mwamuzi hakuletwa, alikisiwa, swali kwa swali, na umati wa watu waliofanya kazi miaka sita hivi ili mchezaji asifike mahali ambapo hawajamtangulia. Mwamuzi wa Lake Geneva alifanya vivyo hivyo kwa penseli, na alipotanguliwa alicheka.

Kuna upande mmoja wa habari hii unaowahusu wenye Kiswahili hasa. Michezo ya kompyuta iliyotajwa hapa, toka pedit5 hadi Baldur’s Gate 3, hakuna uliotolewa na watengenezaji wake kwa Kiswahili. Mtu aweza kudhani kwamba ni shauri la fedha tu na wingi wa maneno ya kutafsiriwa. Fedha imo, na sarufi imo pia. Programu hizi hazina sentensi kamili kwa kila jambo. Zina sentensi zenye nafasi wazi, na mashine hujaza jina la kitu wakati wa mchezo. Kwa Kiingereza, sentensi moja ya kusema kwamba kitu fulani kimevunjika yatosha kwa silaha zote za ghalani. Kwa Kiswahili upanga umevunjika, ngao imevunjika, kisu kimevunjika na shoka limevunjika. Ama mashine ifundishwe ngeli ya kila kitu kilichomo, na hilo lapaswa kufanywa na waliojenga programu kabla mfasiri hajaitwa, ama mfasiri akimbilie lugha ya hati ya duka: “Hali: mbovu. Kitu: shoka.” Atakayecheza mchezo mrefu kwa lugha ya namna hiyo atajiona yu karani wa bohari.

Mezani hakuna kazi hiyo. Kitabu cha kanuni chaweza kuwa cha Kiingereza, kimewekwa magotini pa mwamuzi, na mchezo ukaenda kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi usiku wa manane, pasipo mfasiri wala pesa za studio. Dadu yatupwa, yaanguka vibaya. “Upanga umevunjika,” asema mwamuzi, na mwenye shoka, aliyesimama nyuma ya mwenziwe mahandakini, auliza kwa hofu, “Na langu je?”